Anza na karatasi: kalamu na wino wa kila siku huku kwetu

(Haya niliyaongea Kisumu mbele ya wapenzi wa kalamu za wino. Wengine waliomba niyaandike, kwa hivyo nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema.)

Hamjambo wote. Wazee wetu, walimu wenzangu, akina mama, na nyinyi vijana wa huko nyuma wenye kalamu tatu tatu mfukoni, asanteni kwa kuja, na wale mmetoka Kakamega na Nakuru asubuhi asanteni zaidi, hiyo barabara naijua na nitairudia baadaye manake inahusu kalamu kuliko vile watu hufikiria.

Nimeambiwa niongee juu ya kalamu ya kila siku na wino wa kuweka ndani. Nina neno moja tu na nitalizunguka mpaka nimalize: usianze na rangi. Anza na karatasi utakayoandikia kesho asubuhi.

Najua wengi hatufanyi hivyo. Mtu anaona picha ya wino wa Kijapani, tuseme ile kon-peki ya Pilot katika zile chupa za Iroshizuku zilizotoka 2007, bluu ya anga ya mchana, anaipenda sana, anaitafuta mpaka anaipata, anajaza kalamu mpya, halafu Jumatatu anafungua kaunta buku ya kazini na mstari wa kwanza unalowa, unaota mizizi pande zote, ukigeuza ukurasa unaona maneno yote yametokea upande wa pili na huko hakuandikiki tena. Basi anaamua kalamu za wino ni za watu wa Ulaya, anarudia biro. Na kumbe wino ni mzuri, kalamu ni nzuri, ni vile tu hakuna aliyeuliza hao wawili wanaenda kufanya kazi wapi.

Sasa tuelewane kidogo vile hii kitu inafanya kazi ndani. Chini ya nibu, ile ncha ya chuma inayoandika, kuna kile kipande cheusi cha plastiki chenye mifereji myembamba. Wino unashuka kwa mfereji, hewa inapanda kuchukua nafasi yake, na hiyo kubadilishana ndiyo inafanya kalamu isimwage na isikauke. Lewis Waterman alipata hataza yake kule New York 1884 juu ya hiyo mifereji, na ingawa kalamu zenye tangi la wino zilikuwako tangu zamani, Mromania Petrache Poenaru alisajili yake Ufaransa 1827, ni baada ya Waterman ndio watu walianza kuziamini kwa kazi ya ofisi.

Hiyo mifereji haifanani kwa kalamu zote. Kuna kalamu karimu, inakupa wino mwingi hata hujaomba, na kuna kalamu bahili. Wino nao ni hivyo hivyo, kuna wino mwepesi unaokimbia na kuna wino mkavu unaoshuka polepole. Ukimpa kalamu karimu wino unaokimbia, kwa karatasi nzuri unapata mstari unaong'aa na rangi inacheza, kwa karatasi yetu unapata mafuriko. Ukimpa bahili wino mkavu, unakwaruza tu. Kwa hivyo unawaoanisha kinyume. Pelikan ni mfano ambao nauamini kabisa: kalamu zao za pistoni, zile zinazovuta wino ukizungusha nyuma, tangu ile ya kwanza ya 1929, zinajulikana kwa kumwaga vizuri, na wino wao wa 4001 unajulikana kwa ukavu, na ukiwaweka pamoja wanatulizana. Hao Wajerumani walijua wanachofanya.

Na saizi ya nibu pia. Zinaandikwa kwa herufi: EF ni nyembamba kabisa, F nyembamba, M ya kati, B nene. F ya Japani, iwe Pilot, Platinum ama Sailor, mara nyingi ni nyembamba kama EF ya Ulaya. Mtu akikwambia "mimi hutumia F" muulize F ya wapi kabla hujanunua.

Haya, karatasi. Karatasi zetu mnazijua. Kuna daftari za shule, nyepesi, kidole kinaonekana ng'ambo. Kuna fulskap za mistari. Kuna kaunta buku za jalada gumu, na hapa msidanganywe na jalada, nje ngumu kama mbao na ndani karatasi inanyonya wino kama udongo mkavu unavyonyonya mvua ya kwanza. Kuna karatasi ya fotokopi ya gramu 80, ambayo inategemea rimu, rimu moja inashika wino safi na nyingine ya bei ile ile inasambaza. Halafu huku kwetu Kisumu tuna karatasi za gugu maji, zile za mikono, za kadi na bahasha, nzito na zenye nyuzi. Hakuna nibu moja na wino mmoja utakaofurahia zote. Jaribu hivi ukiwa dukani: omba kipande cha ile karatasi, andika neno moja polepole, chora mistari miwili inayokatana, acha nibu isimame pale zinapokutana kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha geuza. Ukiona doa kubwa nyuma ujue hapo ni nibu nyembamba na wino mkavu, hakuna majadiliano.

Kuna mama mmoja ni katibu wa chama maeneo ya Kondele, na nilipomwangalia akiandika ndio niliona hii kanuni ikifanya kazi mbele yangu. Anatumia Hero 616, ile ya Kichina, nibu imefichwa yote ndani inabaki ncha tu, umbo lake limefuata Parker 51 ya 1941. Ndani ana Quink nyeusi ya chupa, wino wa Parker. Sasa mkutano wa chama mnaujua, katibu anaandika jina, kabla hajaweka pesa mtu anasimama kusema alitoa mwezi jana na haikuandikwa, wanabishana, wanafungua kurasa za nyuma, mweka hazina anatoa simu aonyeshe ujumbe wa M-Pesa, na wakati huo wote kalamu ya huyu mama iko wazi mkononi. Kalamu nyingi hapo nibu ishakauka. Yake, kwa sababu nibu imefunikwa na hewa haiifikii sana, ubishi ukiisha anashusha mkono na herufi ya kwanza inatoka kamili. Mstari mwembamba, wino wa kawaida usiokimbia sana, karatasi ya kaunta buku, na ukurasa wa nyuma unaandikika. Ikiisha wino anafungua nyuma, anafinya kile kichuma kinachobana mfuko wa mpira mara kadhaa ndani ya chupa, anapangusa na kitambaa, ameendelea. Mimi nikiulizwa na mtu anayeanza leo anunue nini, hiyo ndiyo namwambia, na sisemi kwa sababu ni bei rahisi, nasema kwa sababu inafaa kazi na Quink iko sokoni tangu 1931, ni wino unaoupata bila kuagiza mbali.

Walimu wenzangu, sisi ni wa kusahihisha. Rundo la daftari, karatasi ile nyepesi, na mtoto amejaza pande zote mbili, kwa hivyo ukimwaga wino mwekundu unaharibu kazi yake ya upande ule mwingine, na hiyo kwangu ni kukosea mtoto heshima. Chukua nibu nyembamba ya Kijapani, Pilot Metropolitan ya F kwa mfano, mwili ni wa shaba nyeupe unashika mkononi vizuri, weka konvata, kile kitangi kidogo cha kuvutia wino wa chupa, jaza nyekundu ya Pelikan 4001. Alama ya vema inatoka nyembamba, maoni yanasomeka, nyuma hakuna kitu. Na kwa sababu kalamu ya wino haihitaji kukandamizwa, ukifika daftari ya mwisho vidole bado ni vyako. Hii ya vidole natamani walimu wengi waijue manake wengi wanaumia kimya kimya.

Sasa wale wa ofisi, wa rejista, wa kumbukumbu za zahanati, wa vitabu vya wageni, nyinyi shida yenu ni nyingine. Kwenu swali ni kama maandishi yatakuwako baada ya miaka, ama baada ya mvua ya saa kumi kupitia dirisha lililosahauliwa. Wino mwingi wa kawaida ni rangi iliyoyeyuka kwa maji, na maji yakirudi inaondoka nayo, na jua nalo linaipausha, hasa zile bluu za shule zinazofutika. Mna njia mbili.

Ya kwanza ni wino wenye chembechembe za kaboni, Platinum Carbon Black ama Kiwaguro ya Sailor. Chembe zinakaa kwenye karatasi, maji yakipita zinabaki. Lakini chembe hizo hizo zikikaukia ndani ya kalamu zinaziba mifereji, na hapo kutoa ni kazi. Kwa hivyo unaupeleka kwa kalamu yenye kifuniko kinachofunga kabisa, na hapa Platinum Preppy, kalamu ya plastiki ambayo watu huidharau, inawashinda wakubwa wengi. Ndani ya kifuniko kuna kikombe kidogo chenye springi kinachokumbatia nibu, kampuni inasema inaweza kukaa mwaka bila kutumika na isikauke. Nibu zake ni 02, 03 na 05, namba ndogo ndiyo nyembamba, kwa rejista chukua 03. Halafu uitumie kila siku. Wino wa kaboni unataka kalamu inayofanya kazi, usiuweke kwa kalamu ya sherehe.

Njia ya pili ni ya zamani, wino wa chuma. Unatengenezwa na chumvi ya chuma pamoja na tanini, zamani walitoa kwenye vivimbe vya mti wa mwaloni. Unauandika ukiwa bluu hafifu, halafu hewa ikiugusa unaanza kuiva, unakuwa mweusi na unashika nyuzi za karatasi. Uingereza wameutumia kwa rejista za ndoa na vizazi, na Diamine, kampuni iliyoanza 1864 na iko Liverpool, bado inauza Registrar's Ink kwa kazi hiyo. Faida yake kwetu ni kwamba ni mkavu, hausambai kwa karatasi mbaya, kwa hivyo unakupa vitu viwili mara moja. Ubaya ni kwamba una asidi, nibu ya chuma ya bei ndogo inaweza kuliwa ukiuacha humo miezi. Suuza kila wiki chache na hamtagombana. Na tafadhali, tafadhali, ule wino wa chupa wa wachoraji ulioandikwa India usiingie kwenye kalamu yako kamwe, una gundi ndani yake, ukikauka hiyo kalamu umeizika.

Risiti zenye karatasi ya kaboni chini, hapo tumieni biro. Kalamu ya wino haikandamizi, nakala ya pili itatoka tupu na mteja atakuja juu.

Barua na shajara sitazikalia sana, manake hapo mtu ana uhuru, karatasi unaichagua mwenyewe. Ukipata karatasi laini iliyopigwa vizuri sasa lete ile kon-peki yako, lete Diamine ya rangi ya damu ya ng'ombe, tumia M ama B uone rangi ikikolea na kufifia ndani ya herufi moja. Lamy Safari ya M na bluu ya Waterman ni ndoa tulivu ambayo sijasikia mtu akiilalamikia, na hiyo Safari ilitoka 1980 ikilenga watoto wa shule, ndio maana pale pa kushika pana pembe tatu zinazoelekeza vidole, na nibu yake unaichomoa na kubadilisha mwenyewe nyumbani. Kwa kadi za gugu maji msitumie EF, ncha nyembamba inakamata nyuzi na kutapika. M yenye wino mkavu inateleza juu ya nyuzi na hailowi.

Sasa barabara. Nilisema nitairudia.

Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka hapa unapanda Kericho, unapita njia panda ya Londiani, Mau Summit uko karibu mita 2,500, halafu unateremka Nakuru, mita 1,850 hivi. Mwili unaona masikio yakiziba. Kalamu nayo inaona. Hewa iliyo ndani ya tangi ilifungwa ukiwa chini ambako mgandamizo ni mkubwa, ukipanda mgandamizo wa nje unapungua, ile hewa inapanuka kwa zaidi ya asilimia 10, na inasukuma kitu chochote kilicho mbele yake, yaani wino. Ukifungua kifuniko pale Mau Summit unakuta tone limekaa shingoni mwa nibu, kifuniko ndani kimelowa, na kama kalamu ilikuwa imelala kwenye begi basi karatasi zako zote zina habari.

Ndio maana kuoanisha kalamu na wino kwa mtu wa Kisumu anayesafiri kila wiki si sawa na kwa mtu asiyetoka mjini. Kalamu iliyojaa ina hewa kidogo, kwa hivyo haina cha kupanuka, na iliyo tupu haina wino wa kusukumwa. Hatari ni ile ya nusu, na kadiri tangi lilivyo kubwa ndivyo hewa inavyokuwa nyingi likifika nusu, kwa hivyo TWSBI Eco, ambayo naipenda sana kwa kuwa unaona wino wote na tangi linabeba wiki nzima, ijaze kabisa kabla ya kupanda gari. Isimamishe, nibu juu, mfukoni ama kwenye begi, hewa ikae karibu na mlango wake. Katriji, vile vimirija vya plastiki vinavyokuja na wino ndani, zikiwa ndogo zina hewa kidogo na ni rahisi kwa safari, na zikiisha msizitupe, chukueni sindano ya famasi, mjaze tena kwa wino wenu wa chupa. Na wino wa safari uwe mkavu. Wino unaokimbia ndio wa kwanza kutoka mlangoni.

Ukikaa Kisumu nayo joto lina mambo yake. Kalamu ya bei ndogo yenye kifuniko kinachopitisha hewa, ikikaa dirishani wiki moja, maji yanatoka na wino unabaki mzito, bluu inakuwa karibu nyeusi na inaanza kukataa kuanza. Watu wanasema wino umeharibika. Umepoteza maji tu. Usiongeze wino mpya juu ya ule mzito, mwaga, suuza na maji safi ya kawaida mpaka yatoke meupe, ya mvua ni mazuri zaidi kama unakinga, kausha kwa kuisimamisha nibu ikiwa chini, ikigusa kitambaa, usiku mmoja. Maji ya moto hapana, yanapinda plastiki.

Kuna swali nimeulizwa hapo mlangoni juu ya nibu za dhahabu, kama mtu wa kila siku anazihitaji. Maoni yangu ni hapana, kwa karatasi tulizotaja. Dhahabu inasaidia dhidi ya wino wenye asidi na nyingine zina ulaini fulani mtamu, lakini ncha inayogusa karatasi, kwa dhahabu ama kwa chuma, ni tone la metali ngumu lililochomelewa hapo, na karatasi ya kaunta buku haijui nyuma yake kuna nini. Hiyo pesa ingekununulia chupa tatu nne za wino na rimu ya karatasi nzuri, na ungeandika zaidi.

Na mtu akishapata jozi yake akae nayo. Kalamu moja, wino mmoja, miezi. Ukibadilisha wino kila wiki hujui kama shida ni nibu, ni wino, ni karatasi ama ni mkono wako. Ukikaa na jozi moja unajua asubuhi inaanza vipi, unajua ukurasa wa ngapi inapungua, unajua mstari wake ukikauka unachukua muda gani, na nyinyi mnaoandika kwa mkono wa kushoto hilo la kukauka ndilo maisha yenu, mkono unafuata wino nyuma, kwa hivyo nyinyi nibu nyembamba na wino mkavu hata kama karatasi ni nzuri.

Nimemaliza. Hapo mezani upande wa dirisha tumeweka daftari za shule, kaunta buku, fulskap, fotokopi za rimu mbili tofauti na kadi kadhaa za gugu maji. Andikeni kwenye zote sita na kalamu mliyokuja nayo, kando ya mstari wekeni jina la kalamu, nibu na wino, kisha mgeuze muone nyuma. Mwenye Hero na mwenye Preppy tafadhali waacheni wengine wajaribu, na chupa za wino zikae upande wa ukuta mbali na chai.